Nyuma ya Picha ya Yussuph Mabawa

Watu wa Kyimo wana kumbukumbu ya kuku. Mtupie jiwe asubuhi, mchana yuko miguuni pako anadonoa. Mimi sikujaliwa raha hiyo. Nakumbuka nani alisema nini, amesimama wapi, na kavaa nini.

Ndiyo maana nakumbuka banda la kupimia chai. Tulilijenga mwaka 1975 kwa msaragambo. Kila kaya ilileta mabanzi matano na mawe ya kubeba kichwani kutoka mtoni, mvua inanyesha, maana Rungwe mvua haingoji mtu amalize kazi. Hezron, wakati ule katibu wetu wa tawi, hakubeba hata kokoto. Lakini siku ya ufunguzi alikuwa wa kwanza kupanda juu ya mizani mpya, ndani ya suti ya Kaunda iliyopigwa pasi, akasema hivi: "Banda hili ni la wote. Atakayethubutu kulifanya lake, hata akiwa mimi Hezron, mfungeni kamba, mpimeni kwenye mizani hii kama majani yaliyooza, kisha mtupeni mtoni."

Tulipiga makofi. Gazeti likaandika.

Ikapita miaka ishirini na mmoja. Neno "ndugu" likafa bila matanga, akazaliwa "mheshimiwa". Kila kilichokuwa cha wote kikaanza kutafutiwa mwenyewe. Na Hezron, tumbo limempanuka, koti la mitumba lenye mabega ya mtu mwingine, akaja kwenye mkutano wa wakulima Jumamosi moja ya mwaka 1996, akasema banda la chai linafaa likabidhiwe kampuni. Kampuni ya nani? Yake na shemeji yake.

Nikasimama. Nikayatamka maneno yake ya mwaka 1975, neno kwa neno, mpaka ile kamba.

Hezron alinitazama kwa huruma, kama daktari anavyomtazama kichaa. "Lutufyo, mdogo wangu," akasema, "sijawahi kusema maneno hayo. Umeota. Kama yaliandikwa, lete karatasi. Mkutano uahirishwe hadi Jumamosi ijayo. Ukileta, mimi naondoka. Usipoleta, ukae kimya mpaka kufa."

Watu wakacheka. Nikawaangalia wale niliobeba nao mawe. Kila mmoja alikuwa anachunguza kucha zake. Mwenyekiti wetu Anosisye, mtu mwema asiyependa maneno, akaandika kwenye kumbukumbu: "Ndugu Lutufyo alete karatasi."

Nyumbani, mke wangu Atupele alikuwa anamenya ndizi. Nikamweleza. Hakuinua hata macho.

"Si uliniambia wewe unakumbuka kila kitu? Kumbuka basi hilo gazeti liko wapi."

Nilikumbuka. Na nilipokumbuka, mate yalikuwa machungu.

Gazeti lile nililinunua mwenyewe. Nililikunja mara nne, nikalitembeza mfukoni mwezi mzima. Siku moja nikapeleka suruali Tukuyu mjini ikashonwe pindo kwa Tausi, fundi cherehani wa pale sokoni, wakati huo msichana mbichi. Akaliona gazeti likichungulia mfukoni. Akaliomba, si kwa sababu ya hotuba. Nyuma ya ile hotuba palikuwa na picha ya Yussuph Mabawa, mwimbaji wa bendi ya Nyota Kumi, amevaa bugaluu pana kiasi cha kufagia ukumbi na viatu vya raizoni virefu kama vigoda. Gazeti lilimweka pale kumwaibisha, limeandika chini yake: "Hivi ndivyo kijana wa taifa asivyotakiwa kuvaa." Tausi alimtazama, akasema, "Jamani, alivyopendeza." Akachukua mkasi. Na mimi, mjinga, nikamwacha akate, nikijiambia: maneno ya Hezron yote ninayo kichwani, karatasi ya nini?

Tausi alikuwa na ugonjwa wa picha. Alizibandika kwenye kauntabuku kwa uji wa muhogo, akaandika chini kwa mwandiko wa madrasa: jina, bendi, kazaliwa wapi, kaoa mara ngapi, kaachwa mara ngapi. Kufikia mwaka huo wa tisini na sita alikuwa na kauntabuku kumi na moja. Waimbaji, mabondia, warembo wa mashindano, wachekeshaji wa redioni, hadi mbwa mmoja aliyewahi kuokoa mtoto Iringa. Watu wa kiwanda cha chai walitoka huko wakibishana kuhusu mwimbaji fulani, kama yu hai au amekufa, wakaja kuamuliwa na Tausi kama vile wamefika kwa hakimu. Kule Lufingo ndoa moja ilitaka kuvunjika kwa ubishi kuhusu umri wa mpiga gitaa, akaiokoa kwa ukurasa mmoja.

Mimi nilikuwa namtukana kila nikipita. Nilimwambia nchi inauzwa, yeye anahesabu wake za wapiga ngoma. Jumatatu ile ikabidi nimwendee kwa miguu, kofia mkononi.

"Shikamoo, fundi," nikasema, ingawa namzidi miaka mitano.

Akasimamisha cherehani. "Lutufyo wa Kyimo leo unaniamkia mimi. Nani kafa?"

Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, pini mdomoni. Kisha akatoa kauntabuku ya pili, akafungua bila kutafuta. Yussuph Mabawa alikuwa pale, amekuwa wa kahawia, bugaluu bado inafagia.

"Unajua huyu ametoka gazetini mara ngapi maisha yake yote?" akauliza. "Mara moja. Hii. Baadaye bendi ilikufa, wakasema anauza samaki Kyela, wakasema amekufa. Hakuna anayejua. Picha yake iko hapa tu."

"Lakini nyuma yake kuna banda la wakulima mia mbili."

"Nyuma yake kuna Hezron," akasema Tausi. "Unataka nimtoe Yussuph nimweke Hezron."

Mama yake Tausi ana miche ya chai kule Ikuti, lakini Ikuti wana banda lao. Hakuwa na deni na sisi. Nilisimama pale, mvua ikipiga mabati, nikafanya jambo ambalo sikulifanya kwa Hezron, wala kwa katibu tarafa, wala kwa polisi walioniweka mahabusu mwaka 1984 kwa kuuliza sukari imekwenda wapi. Niliomba.

"Tausi, nilikutukana miaka yote hii. Nilikosea. Wewe peke yako ndiye uliyetunza kitu. Sisi wengine magazeti tulifungia maandazi."

Akatoa pini mdomoni, akazichomeka moja moja kwenye kitambaa. "Nina masharti mawili. Karatasi naibeba mimi, si wewe. Na huko mkutanoni utaisoma yote, mpaka nukta ya mwisho."

"Hata ukitaka niisome mara tatu."

"Mara moja inatosha."

Alileta beseni la maji ya uvuguvugu, akaulaza ukurasa humo kama anayeogesha mtoto. Uji wa muhogo wa miaka ishirini na mmoja ulianza kulegea. Akaipandisha karatasi kwa ncha ya kisu, polepole. Ikatoka. Ikageuzwa. Na pale, wino umefifia lakini upo, nikaona: "mfungeni kamba, mpimeni kwenye mizani hii."

Nilitaka kuinyakua nikimbie nayo. Akanipiga kofi mkononi.

"Acha pupa. Hujaona inavyomeguka?"

Kweli, ilikuwa inaachana kama ganda la kitunguu. Tayari vipande vitatu. Haikuweza kusimama yenyewe. Ilibidi ibandikwe upya juu ya karatasi ngumu, na ikibandikwa, upande mmoja utakuwa chini milele. Tausi alimgeuza Yussuph juu, akamtazama. Akakoroga uji. Kisha akamlaza Yussuph kifudifudi, akamkandamiza kwa kiganja, akaipangusa karatasi kwa kitambaa kuanzia juu kuja chini. Alipofika sehemu ya chini akainama, akasoma kitu, mabega yakamtikisika. Nikadhani analia.

"Pole," nikasema.

"Asante," akajibu bila kugeuka, akaifunika kwa kitambaa ikauke.

Jumamosi banda lilijaa. Hata wasiokuwa na mche mmoja wa chai walikuja, maana habari ilikwisha kufika mpaka Tukuyu kwamba Lutufyo analeta karatasi au ananyamaza milele, na yote mawili yalikuwa burudani. Hezron alikaa mbele, ufunguo wa banda ukining'inia kidoleni, anauzungusha. Tausi aliingia na kauntabuku kifuani. Akanipa karatasi mbele ya wote.

Nikasoma. Tarehe. Mahali. Nikasoma maneno ya Hezron yote, na nilipofika kwenye kamba niliyarudia bila kuombwa. Mvua ilianza upya juu ya mabati. Wale wa kucha sasa waliinua macho.

Hezron alisimama taratibu. Hakuwa na wasiwasi.

"Wazee wangu," akasema, "nyote mnayajua magazeti ya enzi zile. Yaliandika mahindi yamestawi, sisi tunakula magimbi. Huyo mwandishi hakufika Kyimo. Alikaa Mbeya kwenye kilabu, akatunga. Hiyo karatasi ni hadithi tu."

Nikaona vichwa vikiinama kukubali. Na kusema haki, hata mimi nisingeyatetea magazeti yale. Nikaanza kuikunja karatasi.

"Endelea," ikasema sauti ya Tausi.

"Hotuba imeisha."

"Nukta ya mwisho haijafika. Tuliahidiana."

Nikatazama chini. Kulikuwa na aya moja zaidi, ile ya chini aliyoiinamia Tausi, mabega yakamtikisika. Nikaanza kuisoma kwa sauti kabla macho hayajanionya.

"Naye mkulima kijana, Ndugu Lutufyo, akishukuru kwa niaba ya wenzake, alimwita Ndugu Hezron mwenge wa Rungwe, akapendekeza akabidhiwe ufunguo wa banda maisha yake yote. Pendekezo lilipita kwa vigelegele. Ndugu Lutufyo kisha aliimba ngonjera aliyoitunga mwenyewe, ambayo..."

Nikaishusha karatasi.

"Ambayo?" akauliza Anosisye, kalamu tayari.

Nilimtazama Tausi. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayepima kiuno cha mteja. Nikasoma.

"Hezroni wetu ni taa, giza lote latoweka,
Hata ng'ombe wakikaa, wakimwona wanacheka."

Kicheko kilichotokea sijawahi kukisikia tena. Mabati yalitetemeka. Mke wangu Atupele alikuwa ameshikilia nguzo. Na mimi, mwenye kumbukumbu ya kila mtu, nilisimama pale nikijitafuta katika mwaka 1975, na kweli nikajikuta: kaptula ya kaki, mkono kifuani, ninaimba. Kumbukumbu hiyo ilikuwa imefunikwa na vichaka kwa sababu sikuwahi kupita njia hiyo.

Aliyecheka kuliko wote ni Hezron. Alifuta machozi kwa leso.

"Hiyo ni kweli tupu," akasema, anapiga goti lake. "Wallahi nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio haya. Alivaa kaptula ya baba yake imefungwa kwa kamba ya katani. Beti zilikuwa tano, na zote za ng'ombe. Mwandishi alisimama pale pale mlangoni, anaandika huku anacheka. Haya, Lutufyo, kaa chini, mimi mwenge wako nimekusamehe."

Watu walicheka tena, kisha kicheko kikaanza kupungua kutoka nyuma kuja mbele, kama moto uliofika kwenye majani mabichi. Bibi Tusekile alikuwa ameinua mkono. Mama yule amechuma chai tangu kabla ya uhuru, na Kiswahili anakitumia kwa kubana, kama chumvi.

"Ndaga fijo, mwanangu Hezron," akasema. Asante sana. "Mie nauliza tu. Huyo mwandishi, si alikuwa Mbeya?"

Hezron akafungua mdomo.

"Amesimama mlangoni, umesema. Anaandika. Masikio yake yalisikia ng'ombe. Ya kamba hayakusikia?"

Mdomo ulibaki wazi.

"Mizani ile pale," akaendelea Bibi Tusekile, anaonyesha kwa kidevu. "Nani ana kamba?"

Nyuma kabisa mtu akasema, "Mimi nimefungia ng'ombe, lakini naweza kuifungua."

Hatukumpima. Nasema ukweli, tungeweza, watu walikuwa na ari. Lakini Hezron alikumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa Tukuyu. Alipofika mlangoni Bibi Tusekile alikuwa amekwisha kunyoosha kiganja, na ufunguo ukaangukia humo. Nikasonga mbele kuupokea, maana nani mwingine? Bibi alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Wewe ndiye uliyempa," akasema. "Wewe kaa." Akaufunga kwenye pindo la kitenge chake, na ndiko uliko hadi leo.

Anosisye aliandika kwamba banda linabaki la wakulima wote, na ngonjera zimepigwa marufuku mikutanoni.

Siku ya soko nilipita kwa Tausi. Kauntabuku ya pili ilikuwa wazi, watu wanne wameinamia. Karatasi ilikuwa imerudi kwenye ukurasa wake, hotuba juu, na chini yake Tausi ameandika: Lutufyo wa Kyimo, mtunzi, beti tano, ameoa mara moja. Mmoja wa watu wale, kijana wa kiwandani, aliniuliza kama ni kweli ng'ombe walicheka.

"Kwa nini hukunionya?" nikamuuliza Tausi.

"Ningekuonya ungesoma?"

Nikakaa kwenye kigoda cha wateja. Alikuwa anashona, haraka ya kunifukuza hana. Baada ya muda nikamuuliza Yussuph alikuwa amevaa shati gani, kwa sababu nilikumbuka bugaluu na raizoni, shati nikalikosa.

"La maua," akasema. "Kola imefika mabegani. Na alikuwa anacheka na mtu ambaye hayupo kwenye picha."

Tangu hapo, kila nikinunua maandazi sokoni, nayahamishia kwenye kofia kwanza, karatasi ya gazeti naikunjua, nasoma pande zote mbili.