Bi Jiko na Sindano ya Barafu

Wagonjwa wa wodi ya moyo walimwita Bi Jiko, na wala halikuwa tusi. Kwa miaka ishirini na miwili muuguzi huyu hakuwahi kumgusa mgonjwa kwa kitu cha baridi. Hata kipimo cha mapigo alikipikicha kwanza viganjani. Wenzake walimcheka, lakini wagonjwa walimgombea.

Aliyemgombea kuliko wote ni fundi viatu mmoja, mzee mcheshi. Mshtuko wa moyo ulikuwa umemwachia kovu kwenye ukuta wa moyo, na daktari akamweleza juu ya dawa ya majaribio: ute unaochomwa ndani ya kovu kwa mrija mwembamba unaopitishwa pajani. Ukiwa kwenye barafu ni majimaji. Ukikutana na joto la mwili unaganda, unaushikilia ukuta usizidi kutanuka. Ila lazima uwahi kabla kovu halijakomaa, na mwisho ni wiki hii.

"Nakubali, mradi Bi Jiko awepo," mzee alisema, akatia sahihi.

Siku yenyewe zililetwa sindano mbili ndani ya boksi la barafu, moja kwa kila nusu ya kovu. Mtaalamu wa maabara akawaambia wote chumbani, "Zisitoke humu mpaka daktari anyooshe mkono." Bi Jiko aliitikia kwa kichwa. Alielewa vizuri kabisa, asisingiziwe.

Ya kwanza ilikwenda salama. Daktari akanyoosha mkono tena, Bi Jiko akatoa ya pili. Ndipo mrija ukateleza.

"Subiri kidogo," daktari alisema, akarudi kuuweka sawa.

Ikapita dakika moja, mbili, tatu. Bi Jiko alikodolea macho skrini, akimwombea mzee kimoyomoyo, na mikono yake, ambayo haikuwahi kungoja amri ya mtu, ikaifumbata sindano na kuanza kuipikicha taratibu. Mazoea yana taabu.

Daktari akaipokea, akasukuma. Haikwenda. Akasukuma tena, ng'o. Akaiangalia kwenye mwanga, kisha akaitazama mikono ya Bi Jiko.

"Nimeipasha," Bi Jiko alisema, na sauti yake mwenyewe akaisikia kama ya mtu mwingine.

Alasiri aliomba akamwambie mzee yeye mwenyewe. Alimkuta macho, akamshika mkono wa kushoto, akamweleza bila kuficha neno. Mzee akaomba kuiona hiyo sindano, akaletewa. Akaisukuma kwa dole gumba lililozoea kupenyeza uzi kwenye soli, kikatoka kijiuzi cheupe kilichovutika bila kukatika.

"Gundi nzuri hii," akacheka. "Basi ile ya kwanza imeshika. Hii nyingine mtanichoma kesho?"

"Hakuna nyingine, baba. Mpaka watengeneze upya, miezi minne."

"Si daktari alisema mwisho wiki hii?"

Bi Jiko aliufumbata mkono wa mzee kwa viganja vyote viwili.

Mzee akaiweka sindano kwenye meza ya dawa. Kisha akauchomoa mkono wake kutoka kwenye vile viganja vya joto, akauingiza chini ya shuka.