Ukurasa wa Udhaifu

Kila Ijumaa saa tatu asubuhi, wafanyakazi tisa wa shirika la Maji Jirani, pale Nyamianda mjini Uvira, walifunga mlango wa biro, yaani ofisi yao, wakapanga viti vya plastiki katika duara na kutoa kabatini madaftari yao ya kijani. Mkurugenzi wao, Marie-Rose, ndiye aliyeileta desturi hiyo kutoka kwenye formasio, mafunzo ya viongozi, huko Bujumbura. Kila mmoja alikuwa na ukurasa wa nguvu zake, ukurasa wa malengo yake, na ukurasa mmoja ambao watu waliuogopa kama sindano: udhaifu wangu. Ubaoni palikuwa na sheria moja tu, kwa kalamu nyekundu, kwamba linalosemwa humu halitoki humu.

Wengi walikuwa wajanja. Chadrack, msimamizi wa mafundi, aliandika kwamba udhaifu wake ni kupenda kazi mno mpaka anasahau kula. Kwa mwenye kitambi kama kile, ilibidi watu wainame na kujifanya wanatafuta kalamu chini ya viti. Marie-Rose alimpongeza kwa ujasiri wake na duara likaendelea.

Kadija binti Mahamudi hakuuweza ujanja huo. Alitoka katika ukoo uliouza vitenge Uvira tangu enzi za mababu, watu wanaoweza kukutazama usoni na kukuambia kitambaa hakichuji huku wakijua kitachuja. Kaka zake walimcheka alipoacha duka na kwenda kufanya kazi ya kujenga mabomba ya maji vijijini. Marie-Rose hakumcheka. Alimpokea akiwa na miaka ishirini na sita, akiwa mwoga wa kusema mbele ya watu watatu, akamfundisha kuongoza mkutano, kupinga bila kugombana, kunyamaza kidogo kabla ya kujibu swali gumu. Miaka tisa alimfundisha. Kadija alimwita Yaya, kama dada mkubwa aliyezaliwa naye tumbo moja, na hakuwa akimbembeleza. Alimpenda kweli.

Ndiyo maana Yaya alipomwambia, "Kiongozi anaanza siku iko naandika jambo lenye linamupatisha haya," Kadija aliandika.

Aliandika habari za kijiji kimoja cha milimani, kupita Mulenge. Wanawake wa huko walikuwa wamelalamika kwamba mkuu wa komite ya maji amelifunga bomba na anawafungulia rafiki zake tu. Kadija alitumwa apande akawasikilize. Asubuhi ya safari, habari za usalama wa njia zilikuwa mbaya, lakini watu walikuwa wakipanda na kushuka kila siku. Mwendesha moto, pikipiki ya kukodi, alikuja mpaka mlangoni. Kadija alimwambia anaumwa malaria. Kisha akaketi kitandani, mzima kabisa, akampigia simu mkuu wa komite, yule yule aliyelalamikiwa, na kwa maneno ya mtu huyo akaandika raporo: tatizo limekwisha. Kiangazi kizima wanawake wale walichota maji ya mtoni, mwendo wa saa mbili kwenda na kurudi. Mvua zilipoanza ndipo Kadija alipopanda mwenyewe, akamwondoa yule mkuu, akalifungua bomba. Wanawake walipouliza imekuwaje, aliwaambia biro ilikosea.

Marie-Rose alisoma ukurasa ule mara mbili, akalifunga daftari na kumkumbatia.

"Sasa niende niwaambie ukweli, Yaya?" Kadija aliuliza.

"Bado. Utavunja imani yao. Ngoja, minye nitakuambia wakati."

Kadija aliliandika jibu hilo nyuma ya ukurasa, akangoja. Tusimsingizie, alingoja kwa raha, maana ni nani asiyependa kuambiwa asubiri jambo asilotaka kulifanya? Alipanda mlimani mara nyingi tangu hapo, na hakuandika tena raporo ya mahali ambapo mguu wake haujakanyaga. Nyiramana, mama aliyechukua uongozi wa komite, alimpokea kila mara kwa maziwa. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Kisha Marie-Rose akapata kazi kubwa Kinshasa, na shirika likahitaji mkurugenzi mpya. Mjini kote watu walijua ni Kadija. Hata kaka zake waliacha kumcheka, wakampa kitenge kipya cha kuvaa siku ya kuhojiwa. Aliyeomba pamoja naye alikuwa Chadrack, na watu walisema ameomba ili mkewe aone kwamba anajaribu.

Waliohoji walikuwa konsei, baraza la shirika, watu watano, mwenyekiti wao Pasta Harerimana, mzee mpole kutoka milima ile ile. Kadija alijibu vizuri. Alijibu vizuri mno, mpaka mjumbe mmoja akaanza kukunja karatasi zake kama mtu aliyekwisha kuamua. Hapo Marie-Rose, aliyeketi nao kama mkurugenzi anayeondoka, akainua mkono.

"Kwa haki ya wote wawili," alisema, "konsei ijue na hii."

Akatoa karatasi. Kadija aliuona mwandiko wake mwenyewe kutoka upande wa pili wa meza. Ilikuwa fotokopi. Marie-Rose alisoma kwa sauti ile ile aliyowasomea mazoezi ya Ijumaa, taratibu, akipumzika penye nukta: malaria, kitanda, simu, raporo, kiangazi kizima. Alipofika kwenye maneno "niliwaambia biro ilikosea," Pasta Harerimana alivua miwani.

Kadija aliinyoshea karatasi kidole. "Yaya," alisema, "soma na nyuma ya ukurasa. Niliandika kama nilikuomba niende niwaambie, ukanikataza."

"Hii ni fotokopi, Kadija. Haina nyuma."

 Pasta akamwuliza Kadija kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko hasira.

"Na iyi miaka tatu yote, mwanangu, ulikuwa unangoja ruhusa ya nani?"

 Pasta alisema konsei itaamua Jumatatu, na akawaruhusu.

Kadija alimfuata Marie-Rose uani, penye tangi la maji. Hakujali nani anamwona.

"Umeniuzisha."

"Sikukuuzisha. Minye iko nakutengeneza mpaka leo. Kiongozi lazima ajue kubeba ukweli mbele ya watu."

"Ulisema halitoki humu! Uliandika kwa mukono yako!"

Marie-Rose alimtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomchoma Kadija zaidi. "Chadrack atanipigia simu kabla ya kufanya kitu," alisema. "Weye hautanipigia. Iko nakujua, nilikufundisha minye mwenyewe. Iri shirika nilizaa minye, Kadija. Siwezi kuliacha kwa muntu mwenye hatanisikia."

Basi ilikuwa hivyo. Miaka tisa ya kufundishwa kusimama peke yake, na kosa lake ni kwamba alijifunza. Kadija alitaka kumtukana na hakupata tusi la kutosha. Alikwenda nyumbani, akakivua kitenge kipya, akalia mpaka kichwa kikamuuma.

Lakini lile swali la Pasta halikumwacha. Kesho yake, Jumamosi, alfajiri baada ya swala alimwita mwendesha moto. Wakapita Kavimvira, wakaiacha njia ya mpakani upande wa kuume, wakafuata uwanda wa Ruzizi mpaka njia inapoanza kupanda. Mahali penye utelezi alishuka akatembea. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na kila alipoyapanga, alijikuta anamtaja Marie-Rose kabla ya kujitaja mwenyewe. Ilibidi ayapange upya.

Nyiramana alikuwa nje ya nyumba yake, anachambua maharagwe katika ungo. Alifurahi, akaita maziwa yaletwe, akamsogezea kigoda.

"Nitakaa nikimaliza kusema, mama," Kadija alisema. "Ule mwaka wa kiangazi, raporo haikukosewa na biro. Niliandika minye. Nilisema iko naumwa, sikuwa naumwa. Niliogopa njia. Mulichota maji mtoni sababu yangu, na kisha niliwadanganya."

Nyiramana alitupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharagwe.

"Tunajua," alisema. "Kaa."

Kadija hakukaa. "Pasta aliwaambia?"

"Pasta alinipigia simu jana. Lakini tulijua zamani. Mama Marie-Rose alituambia, ule mwaka ule ule. Alikuja na gari, akatuita wamama wa komite, akasema: Kadija aliwadanganya, ila musimuambie kama munajua. Mumuache akomae. Siku atakuja kusema yeye mwenyewe, njo mutajua amekuwa kiongozi."

Sasa Kadija alikaa. Aliyakumbuka maziwa yote aliyokunywa katika nyumba hii, vicheko vyote, wanawake sita wa komite wakimtazama na kujua. Yaya alimwambia angoje, na wao akawaambia wamngoje. Alikuwa zoezi. Miaka mitatu ambayo angeweza kuja siku yoyote, akaomba msamaha, akasamehewa au asisamehewe, Marie-Rose alikuwa ameichukua na kuiweka kabatini pamoja na madaftari, itoke siku itakapomfaa. Kazi ya ukurugenzi ilionekana kitu kidogo kando ya wizi huo.

"Mbona hamukuniambia?" aliuliza, na sauti ilimtoka kama ya mtoto.

"Na weye mbona haukutuambia?"

"Alisema ningoje."

"Na minye alisema ningoje. Tulingoja sote wawili." Nyiramana aliuweka ungo chini. "Lakini minye sikuwa na deni la kusema. Weye ulikuwa nalo."

Kikombe cha maziwa kilifika. Kadija alikishika kwa mikono miwili, hakunywa.

"Pasta aliniuliza kama ninaweza kukusimamia mbele ya konsei," Nyiramana alisema. "Alisema, weye Nyiramana njo uliteswa na ile jambo, ukisema ndiyo, na minye nitasema ndiyo. Nikamuambia anipe siku mbili. Nilijua utakuja."

"Utamuambia nini?"

"Acha kwanza nikuulize. Maji tuko nayo sababu yako, siwezi kukana. Ungekuja mwaka wa kwanza, hata wa pili, ningeshuka Uvira kwa mguu nikusemee. Leo umekuja, na kazi iko mbele yako. Kama hawakukusomea ile karatasi, Kadija, ungekuja?"

Alijua namna ya kujibu. Alifundishwa: nyamaza kidogo, mtazame mtu machoni, anza na lililo jema. Alinyamaza kidogo. Alimtazama Nyiramana machoni, na mbele ya macho yale mafunzo yote ya miaka tisa yakamwishia.

"Sijui, mama."

Nyiramana alitikisa kichwa kukubali, bila hasira, kama mtu aliyeletewa kipimo sahihi cha unga. Alinyanyuka akijishika kiuno, akaichukua simu yake dirishani na kwenda kwenye kilima kidogo nyuma ya zizi, mahali ambapo mtandao hushika. Kadija alibaki na kikombe. Alimsikia akimsalimia Pasta Harerimana, akimwuliza habari za wajukuu, akicheka jambo fulani. Kisha alimsikia akiacha kucheka.

"Amekuja, Pasta. Amesema yote, hakuficha," Nyiramana alisema, na wala hakuishusha sauti, maana hakuwa mtu wa kusema mbele lingine na nyuma lingine. "Minye ninamupenda. Lakini hapana. Na ule Chadrack wa Marie-Rose, naye hapana. Mutafute muntu mwingine."