Sikio la Ditram Darajani

"Daraja hili likikohoa tu, mimi nageuka kitandani!" Ditram alimpazia sauti Mama Tabea, muuza maziwa wa Kimaasai aliyekuwa akivuka mto Mkondoa kwa miguu, chini ya daraja, ndoo mkononi.

Akagonga ribiti nyingine kwa nyundo. Ngliii! Mwaka mzima wa kibarua alikuwa akigonga vichwa hivyo vya chuma, vinavyoshona mabamba ya daraja la zamani la reli, akisikiliza kilicholegea. Leo msimamizi, mzee Melkizedek, alikuwa anakuja kuamua kama aajiriwe au arudi kulima mahindi.

"Basi lipe dawa," Mama Tabea alijibu. "Linanitemea damu. Ona mfuniko wangu!"

Mfuniko mweupe ulikuwa na matone mekundu.

"Kutu ya mvua ya jana hiyo, mama. Hapo juu yako nimeshagonga. Pako imara kama ndoa ya kanisani."

"Kwani hizo hazivuji, mwanangu?"

Ditram akacheka, kisha akapatazama tena. Hapo hakuwa amegonga, na kutu huvuja pale ribiti inapolegea. Kupafikia ni lazima ulale kifudifudi, naye alikuwa amevaa suruali mpya kwa ajili ya mzee.

Akalala. Akaweka kidole upande mmoja wa ribiti, akagonga upande wa pili. Tok. Mlio wa chungu chenye ufa, na kichwa kikacheza kama jino la mtoto. Ya pili, tok. Ya tatu, tok.

Treni ya mizigo ilikuwa imebakiza nusu saa kufika. Alipiga simu stesheni, akangoja mpaka akaambiwa imezuiwa.

Mzee Melkizedek alifika na kiberenge cha reli, akazigonga ribiti zile mwenyewe, akatikisa kichwa, kisha akatoa fomu ya ajira na kalamu.

"Umeokoa mabehewa, kijana. Ulijuaje?"

"Sikio, mzee." Ditram alijipangusa kutu magotini. "Nilikuwa kule mwisho, upepo unavuma, nikasikia moja inalia kinyume na wenzake. Nikajisemea, Ditram, hiyo siyo sauti ya chuma kizima. Nikatupa kila kitu, mbio! Suruali? Nani ana habari na suruali…"

Alikuwa amenogewa. Ndipo akaona mzee hamtazami yeye, anatazama nyuma yake.

Mama Tabea alikuwa ameshapanda tuta, amekaa juu ya reli, anammiminia dereva wa kiberenge maziwa.

"Endelea, mwanangu, tamu hiyo," alisema bila kuinua macho. "Mimi hapo nilikuwa wapi?"

Kalamu ya mzee Melkizedek ilibaki hewani, juu kidogo ya fomu.