Jioni Aliyojitoa Haldane

Nilikuwa nabandika bango la Seneta Haldane chini ya goli la mpira wa kikapu, pale ukumbini shuleni, redio iliposema amejitoa kwenye mbio za urais. Haki ya Mungu, nilicheka. Mtu anayeongoza kura za maoni nchi nzima, ambaye kilichobaki ni kumpimia suti ya kuapishwa, ajitoe dakika arobaini kabla ya sisi Iowa kufungua mlango wa kuchagua mgombea wa chama? Redio ikarudia. Hakutaja sababu. Ameshukuru familia yake, akashuka jukwaani, basi.

Mimi, Marlys Benda, nimemtumikia mtu huyo miezi kumi na moja. Nimegonga milango mia mbili na kumi kwenye theluji mpaka ukucha wa dole gumba la mguu ukang'oka. Amekaa jikoni kwangu akala mahindi yangu, akaongeza.

Mlango mgumu kuliko yote ulikuwa wa mzee Bohumil Kucera. Mkewe alifia njiani kwenye gari la wagonjwa, mwaka uliofuata baada ya hospitali yetu kufungwa, na tangu hapo mzee haendi popote, hata kanisani. Nilirudi kwake mara saba. Mara ya saba nikamwambia, "Haldane ataifungua hospitali, na huyu haachi mambo njiani. Nakuapia, mzee."

"Unaniapia wewe?"

"Mimi mwenyewe."

Basi jioni ile, redio iliponyamaza, nikakimbilia simu ya mwalimu mkuu, nikaipigia ofisi yetu ya kampeni. Mama mmoja akajibu, sauti kavu kabisa. "Wakusanye watu wako, kisha wapeleke kwa Gavana Prewitt. Tumeshaelewana na watu wake."

"Niwapeleke? Kwani ng'ombe hao?"

Akakata simu. Prewitt! Huyo huyo aliyetia saini hospitali yetu ifungwe! Simu nikaiacha inaning'inia.

Kwetu hakuna karatasi za kura wala sanduku. Unasimama kwenye kona ya mgombea wako, majirani wakikutazama, unahesabiwa. Jioni ile kona yenye watu chini ya kumi na watatu ingevunjwa, na watu wake wahamie kwingine. Niliporudi ukumbini, watu thelathini na wanane walikuwa wamesimama chini ya bango langu, midomo wazi. Mzee Kucera alikuwa kati yao, ndani ya suti aliyomzikia mkewe.

Kona ya Prewitt iliongozwa na dada yangu wa tumbo moja, LaVonne. Mezani kwake kulikuwa na pai tisa. LaVonne huyu ninayemjua mimi, anayekata pai nyembamba mpaka unaweza kusoma gazeti kupitia kipande!

"Dada, pai tisa za nini?"

"Watu watasikia njaa."

"Watu gani? Wako hawafiki ishirini."

Akaanza kupanga uma. Hakuniangalia.

"Ulijua," nikasema.

"Walinipigia asubuhi. Mdogo wangu, usinitie aibu mbele za watu."

"Asubuhi! Saa nne umenipita na gari lako, nagonga milango kwenye baridi ya kuua, ukanipungia mkono!"

"Walinikataza, Marlys. Ningefanyaje?"

Nilitaka kumrushia pai. Badala yake nikaishika meza kwa mikono miwili. Utotoni nimelala kitanda kimoja na huyu mtu miaka kumi na nne.

Nikarudi kwa watu wangu, nikawaambia yote, ya simu na ya pai. "Siwapeleki popote," nikasema. "Sheria inaruhusu kusimama bila mgombea. Anayetaka abaki nami, tuhesabiwe hivyo."

"Tumsimamie nani, goli la kikapu?" akasema Glen wa duka la mbegu, na watu wakacheka. Kisha wakaanza kuondoka. Wengine walifuata pai bila haya, wengine walifuata makoti yao.

Mwenyekiti wetu, mwalimu Delbert, akaja kuhesabu waliobaki. "Kumi na watatu," akasema. "Haya, mmepona." Nikapumua. Kabla hajaandika, mzee Kucera akaanza kufunga vifungo vya koti.

"Mzee wangu, tafadhali. Dakika mbili tu, Delbert aandike."

"Huyo Haldane simjui," akasema. "Sikutoka nyumbani kwa ajili yake. Aliyeniapia ni wewe."

"Na mimi nimedanganywa, mzee."

"Najua, mwanangu." Alisema kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko matusi. Akavaa kofia, akatembea taratibu mpaka mlangoni, akatoka.

Delbert akahesabu upya, akimwonyesha kila mtu kidole, mimi wa mwisho.

"Kumi na wawili, Marlys. Kona imevunjika. Mnakwenda wapi?"

Wale kumi na mmoja wote wakanigeukia, wakingoja niwaambie.