Shahada ya Pili

Mwalimu Jaribu ndiye aliyelikoroga, na wala hakulikoroga kwa ubaya. Barua ya mwanangu Silima ilikuja na gari ya abiria kutoka Chake, ikateremshwa dukani, naye Jaribu akaisoma kwa sauti mbele ya kila aliyekuja kununua mafuta ya taa. Chuo kikuu cha Uskochi kimemkubali Silima bin Shaame kusoma shahada ya pili ya elimu ya wanyama. Mwaka mmoja, kusoma darasani na kufanya mitihani, hana haja ya kuandika kitabu.

Angesema digrii, Kengeja nzima ingelala usingizi wake. Kasema shahada. Na kwetu sie shahada ni moja, ile mtoto anayofundishwa kabla hajajua kufunga kikoi. Ilipofika adhuhuri nishasikia kisimani kuwa mwanangu anakwenda Ulaya kutamka shahada nyengine, ya wanyama. Alasiri wameshaongeza kuwa haina hata kitabu. Manasara wana kitabu, Mayahudi wana kitabu, hii ya Silima haina. Nilicheka mpaka ndoo ikanimwagikia.

Kicheko kilinikauka nilipoiona fomu ya serikali. Ilitaka shahidi, mtu aliyemjua mwombaji miaka mitano na aseme kuwa tabia yake ni njema, nayo ifike Chake Alhamisi. Bila jina hilo safari hakuna, nafasi anapewa mwengine. Na Kengeja jambo kama hilo ni la sheha, mkubwa wa serikali hapa kijijini, na sheha wetu alikuwa Mzee Kificho. Mie na Mzee Kificho tuna yetu.

Miaka kumi na minne nyuma Kificho alileta fahali kutoka bara kwa ajili ya mchezo wa ng'ombe, akamwita Tufani. Siku ya mchezo nilimtazama nikasema, "Lo, fahali huyu kanenepa." Basi. Mashaallah sikuitamka, ulimi uliteleza tu. Siku ya tano Tufani kafa, povu linamtoka puani. Kificho akasema ni jicho la Moza, ndo mie. Toka siku hiyo mie nikipita watu hufunika maziwa yao, na wenye wana wachanga huwageuza uso. Mume wangu kenda kaburini akiitwa mume wa mwenye jicho. Yaliniuma, na yananiuma bado, sitaki kukuficha.

Jumatano asubuhi tukenda, mie na Silima. Alikuwa na miaka ishirini na sita, kasoma Makerere, mfanyakazi wa idara ya mifugo, lakini alivua viatu akampa Kificho shikamoo yake kamili. Barazani walikuwapo wanaume sita saba wanakunywa kahawa.

"Shahada ya pili sitii sahihi," Kificho akasema. "Mtu ambaye ya kwanza haimtoshi, hiyo tabia njema kaiweka wapi?"

"Mzee, ni cheti cha masomo," Silima akamjibu.

"Kisicho na kitabu."

"Vitabu vipo, tutasoma vingi. Ila hatuandiki cha kwetu."

Watu wakacheka. Kificho hakucheka. Akaniangalia mie, nikajua hapa ndo penyewe.

"Nitatia," akasema. "Lakini kwanza mamako aseme mbele ya hawa kuwa fahali wangu alikufa kwa jicho lake, kisha aniombe radhi. Maneno mawili tu."

Nakwambia kweli, nilikuwa niseme. Jina langu lilishaoza. Lingeoza kidogo zaidi, mwanangu apate. Nikafungua mdomo. Silima akanikamata mkono, akaubana mpaka ukaniuma.

"Mama hasemi," akasema. "Mie ndo niliyekuwa nikimkatia majani Tufani, Mzee, na hukuniuliza kitu. Masikioni kupe walimjaa kama kunde kwenye ganda. Matoki yakavimba, hapa shingoni na hapa begani. Akahema siku tatu, akafa. Ile ni ndigana. Kupe ndo wanaoileta, na ng'ombe mgeni haistahimili. Hata ndama wako wawili wa mwaka huu imewaua hiyo hiyo, na mama mwaka huu hajapita hata njia yako. Shahada maana yake ni ushahidi, Mzee. Basi wangu nautoa. Mama yangu hakuua ng'ombe wa mtu."

Mie hasira za miaka kumi na minne zikanipanda zote kwa pamoja. Nikamwambia Silima anipe karatasi. Imeandikwa shahidi, haikuandikwa sheha. Nikaichukua kalamu ya Kificho pale pale mkekani kwake, nikaandika kwa herufi za Kiarabu nilizofundishwa chuo cha Kurani: Moza binti Vuai. Namjua miaka ishirini na sita, na miezi tisa juu yake.

Kificho akatabasamu. "Umejisumbua bure. Ushahidi wa mwanamke mmoja haukamiliki, mpaka wawe wawili. Na nani Kengeja hii atatia jina lake chini ya lako?"

Hapo pazia la mlango likasogea, akatoka Bi Mwatima, mkewe Kificho, mikono yote ina unga. Mie naye tulikuwa hatujasemezana tangu Tufani afe.

"Kupe hata mie niliwaona," akasema. "Nilinyamaza kwa kumstahi mume wangu. Silima, nionyeshe pa kuandika."

"Mwatima," Kificho akaita.

"Si umesema wawili?"

Akaandika polepole, unga ukabaki kwenye karatasi. Alhamisi karani wa Chake aliuliza mbona sheha hayumo. Silima akamwambia sheha ndiye aliyesema wanawake wawili wanakamilika. Karatasi ikapokelewa.

Silima kaondoka mwezi wa tisa. Maziwa wako wanaoyafunika mpaka leo, nami napita njia ile ile, tena taratibu. Wenye dhihaka zao huniuliza kisimani kama mwanangu kesharudi na shahada yake ya pili. Nawaambia hiyo bado, wasubiri. Ya kwanza kashaitoa, barazani kwa Kificho, na mie nilikuwapo.