Kinachopita Puani

Asubuhi hiyo Ombretta hakukalika kitini. Alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wenzake wa ofisi ya usalama wa chakula walikuwa wakijadili kimeng'enya kipya, unga unaotokana na kuvu ambao waoka mikate huuchanganya na ngano ili mkate uumuke na kulainika. Swali lao ni lilelile siku zote: mlaji atameza kiasi gani, na je, kitamdhuru? Hesabu zilikuwa safi. Joto la tanuri hukiua, mlaji hapati neno. Ombretta ndiye aliyeziongoza, na kwa kazi hiyo hana mpinzani katika mji mzima wa Parma.

Gaspare, mwenzake, akasoma kwa sauti sentensi ya mwisho ya ripoti, kwamba anayevuta vumbi lake anaweza kupata pumu. Ombretta aliwahi kuiandika mara nyingi, kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia amina. Safari hii moyo ulimlipuka.

Kaka yake Learco anaoka mikate katika duka la marehemu baba yao, ng'ambo ya mto. Tangu majira ya baridi anakohoa. Mwezi wa nane, maduka yalipofungwa na watu wote kwenda likizo baharini, alipona kabisa, akaogelea na kuimba hadi majirani wakalalamika. Walirudi, akawasha tanuri, na kifua kikaanza tena kulia. Mama alisema ni hewa ya mjini, na Ombretta, mtaalamu wa sumu mzima, akaafiki! Mganga hajigangi, sawa, lakini huyu hata ndugu yake hakumganga.

Hakuaga mtu. Alirukia baiskeli, akavuka daraja huku madereva wakimtukana.

Learco alikuwa akimimina kwenye mashine ya kukandia mfuko wa kimeng'enya cha aina hiyohiyo, kilichopitishwa zamani, vumbi limemfunika hadi kope.

"Weka chini hiyo!"

"Ebo! Hata salamu hakuna? Dokta leo kapandwa na nini?"

"Toka nje, Learco. Hiyo ndiyo inayokumaliza kifua."

Alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, akashika meza hadi kilipomwachia. "Hii? Si wewe uliyeipitisha? Mimi nawaringia wateja kwamba dada'angu kasema ni salama!"

"Nilisema salama kwa anayekula."

"Na anayeoka je? Hatukuhesabiwa?"

"Mlihesabiwa. Sentensi moja, mwishoni."

"Nani aliiandika?"

Ombretta alitamani ardhi immeze. "Mimi."

Learco alivitazama vinyweleo vya mikono yake, vyeupe kwa unga kama vya mzee. "Sasa nikafanye nini? Mimi sijui kitu kingine."

Learco akavua aproni, akaitundika kwenye msumari wa baba, akatoka kuketi kizingitini. Kila pumzi yake ilitoka na mluzi.

Tanuri halimsubiri mtu. Ombretta alitoa mikate mwenyewe, akajiunguza vidole. Bibi wa jirani akaingia na kikapu chake, akakunja uso.

"Leo kakako hauzi? Huu ni wa leo kweli?"

"Wa leo, bibi."

"Na ni mzuri?"

Mluzi ulisikika kutoka mlangoni.

"Kula tu, bibi," alisema Ombretta, machozi yakimdondoka juu ya karatasi ya kufungia. "Kwako wewe ni salama."