Jozi ya Laurie

Jumanne ile mume wangu Laurie alivaa suti, akafunga tai, akakaa ukingoni mwa kitanda ili avae viatu, na hakuweza kuinuka. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kingine mkononi. Alikuwa akivuta pumzi kama mtu anayenyonya hewa kwenye mrija.

"Maureen," aliniambia, "mpigie Coutts. Mwambie anitafutie jozi."

Graeme Coutts ni mnadhimu wa chama chetu, ndiye anayejua kila saa nani yuko bungeni na nani hayuko. Na jozi ni desturi ya bunge la jimbo letu. Mbunge akiugua, mnadhimu humwomba mbunge mmoja wa chama cha pili naye asipige kura, ili ugonjwa wa mtu usibadilishe hesabu. Wa huku hayupo, wa kule anakaa nje, mizani inabaki vilevile. Haimo katika sheria yoyote. Ni ahadi ya mdomo, na wabunge wanaovunja viapo vyao vyote huiheshimu hiyo moja.

Coutts alipokea simu akiwa anatafuna kitu.

"Shemeji! Mzee ana nini tena?"

"Hawezi kusimama, Graeme. Na muswada wake unapigiwa kura kesho."

"Mwambie alale. Jozi atapata."

"Nev jirani yetu yuko tayari kumleta kwa gari. Ni mwendo wa saa mbili tu. Laurie anasema hata kwa kiti cha magurudumu atakuja."

"Shemeji, usimtese mgonjwa. Nimesema ana jozi. Kura yake iko salama kama yuko ndani."

Nilimwambia Laurie, akavua kile kiatu kimoja.

Kabla ya siasa Laurie alikuwa mkata mawe. Yeye na Nev Hosking walikata meza za jikoni katika karakana moja miaka mingi, yale mawe ya kiwandani yanayong'aa, na vumbi lake lilikuwa jeupe mpaka kwenye kope. Alipoingia bungeni alikaa viti vya nyuma na hakusogea. Alipangiwa maswali ya kuwauliza mawaziri wa chama chake mwenyewe, maswali ambayo majibu yake yalikuwa yameshachapwa. Alikaa nyuma ya waziri mahali kamera inapoona, akatikisa kichwa kukubali. Alihutubia saa ya chakula cha jioni, wakati ukumbini yumo Spika na mtu anayesinzia. Alirudi nyumbani siku za Ijumaa akaenda kusikiliza malalamiko ya mitaro na mbwa.

Jambo moja tu aliliomba liwe lake. Muswada wake ulikuwa mfupi, ukurasa na nusu. Ulisema kwamba mtu aliyekata mawe kwa kazi, kisha mapafu yake yakawa mawe, ichukuliwe kuwa kazi ndiyo iliyomletea ugonjwa, na mwajiri ndiye athibitishe kwamba sivyo. Kwa sheria ilivyo, mgonjwa ndiye anayethibitisha. Nev, ambaye mapafu yake nayo yameharibika, ameshakataliwa fidia mara mbili, kwa sababu karakana ilishafungwa na wenye nayo wanadai walimpa barakoa.

Wakubwa wa chama hawakuutaka muswada ule. Lakini kuukataa hadharani ni aibu, mwenyewe anakohoa mbele ya watu wote. Basi wakatangaza kura ya dhamiri: kila mbunge apige anavyoona, chama hakimwamrishi mtu. Magazeti yaliwasifu.

Siku ya kura Nev alikuja na pai za nyama. Tulimwegemeza Laurie kwenye mito na kompyuta ikawa juu ya magoti yake, ikionyesha bunge.

"Ukishinda," Nev alisema, "nitakuita Mheshimiwa kwa wiki nzima. Halafu basi, narudi kukuita mwizi wa patasi."

"Ile patasi ilikuwa yangu, mjinga wewe."

"Ndivyo wasemavyo wezi."

Kengele zililia, milango ikafungwa. Wa ndiyo wakaenda kulia kwa Spika, wa siyo kushoto. Laurie aliwahesabu kwa kidole juu ya kioo. Kisha kidole kikasimama.

"Ilona yuko wapi?"

Ilona Szabo ni wa chama cha pili. Ndiye aliyesimama wakati wa mjadala akaeleza jinsi baba yake alivyokufa na vumbi la machimbo ya mawe kifuani, na akaahidi ndiyo mbele ya bunge zima. Hakuwa kulia wala kushoto.

Spika alisoma: ndiyo ishirini, siyo ishirini na moja.

"Kwa moja?" Nev alisema. "Moja tu?"

Laurie aliomba simu. Ilona alipokea upesi, kana kwamba alikuwa akiingoja.

"Laurie, pole. Hali yako?"

"Ulikuwa wapi, Ilona?"

"Chumba cha chai. Si mimi ndiye jozi yako? Coutts alinijia asubuhi akasema Laurie taabani, ameomba wewe umkalie nje. Nikasema kwa Laurie nitakaa." Tulisikia vikombe nyuma yake. "Nilijua unajua. Nilidhani mmehesabu, mkaona kura zinatosha."

"Ilona, jozi ni ndiyo kwa siyo. Wewe ulikuwa ndiyo."

"Mungu wangu."

"Sisi wawili tulikuwa ndiyo."

Ilona alikata simu akiwa analia. Amekuwa mbunge miaka mingi, amekuwa jozi ya watu kila mwaka, na siku zote mtu wa chama kile kingine alikuwa mpinzani wake. Aliombwa kwa ajili ya mgonjwa, akaenda kukaa chumba cha chai kama alivyozoea. Hakufikiri. Coutts alijua hatafikiri.

Jumamosi Coutts alikuja na zabibu. Alivuta kiti, akaanza kuzila mwenyewe.

"Ulinipa jozi ya mtu aliyekuwa upande wangu," Laurie alisema. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo.

"Uliomba jozi, nikakupa jozi. Niambie ni wapi imeandikwa kwamba lazima wapingane."

"Haijaandikwa popote. Unajua."

"Basi."

"Ungeniacha nije, Graeme."

"Uje na mitungi ya hewa, mbele ya kamera? Wangepiga kura kwa huruma, ndugu yangu. Huruma si dhamiri."

Nilitaka kumtoa nje. Laurie alininyooshea kiganja kuwa nitulie.

"Miaka kumi na moja nimekaa nyuma yenu nikitikisa kichwa."

"Na ulitikisa vizuri," Coutts alisema. "Hakuna aliyewahi kulalamika." Akafuta vidole kwenye shuka letu, akanibusu shavuni, akaondoka.

Laurie alifariki wiki iliyofuata, adhuhuri, redio ikitangaza mechi ya kriketi.

Bunge lilisimama kwa ajili yake. Niliketi roshani ya wageni, nimevaa koti nililoazimwa na dada yangu. Coutts ndiye aliyetoa hoja ya rambirambi. Alimwita mtetezi wa wakata mawe. Alisema sauti ya Laurie itasikika humu daima, na mawaziri waliokuwa mbele yake wakatikisa vichwa. Spika aliuliza kama kuna anayepinga. Hakuna aliyepinga. Ilona Szabo alikuwa ameinamisha uso, hakuutazama ukumbi wala roshani. Kisha wakaendelea na muswada wa ada za maegesho.

Nilipotoka nilimuuliza karani wa mlangoni kama mbunge mwingine anaweza kuuleta ule wa Laurie tena. Alikuwa kijana mwungwana, akanipeleka pembeni na kunieleza taratibu. Jambo lililokataliwa kwa kura haliletwi tena katika bunge hilohilo. Bunge hili lina miaka mitatu mbele yake. Kesi ya Nev inasikilizwa mwezi wa tano, na yeye ndiye atakayethibitisha.